Kupiga Bunduki na Kupiga Picha

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotumikia kazi nyingi. Mtu hupiga ngoma, hupiga hodi, hupiga pasi na hupiga bunduki. Na tangu kamera ilipofika katika nchi hizi, hupiga picha pia. Waliolitumia neno hilo kwa mara ya kwanza hawakukusudia fumbo lolote. Lakini historia ya picha za wanyama wa mwituni katika Afrika ya Mashariki imelifanya kuwa fumbo, maana kwa muda mrefu mwenye kupiga picha na mwenye kupiga bunduki alikuwa mtu yule yule, au walikuwa wawili waliosimama bega kwa bega, jicho la mmoja katika kioo na kidole cha mwenziwe katika mtambo.

Kijana wa leo anayetamani kazi hii huuliza kwanza habari za kamera na bei ya lenzi. Maswali hayo yana mahali pake. Lakini kuna swali lililo kubwa zaidi: kazi hii ilizaliwaje, ilitunzwa kwa fedha ya nani, na imerithi tabia gani kutoka kwa wazazi wake? Asiyejua asili ya kazi yake aweza kurithi kasoro zake akizidhani kuwa ni sheria.

Mwanzo wake haukuwa katika Afrika. Mwaka 1892 ndugu wawili wa Yorkshire katika Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai. Kutokana na mwanzo huo mdogo walitoa mwaka 1895 kitabu juu ya viota vya ndege wa nchi yao, nacho kilipambwa kwa picha zilizopigwa pale pale viota vilipokuwa. Ndugu hawa hawakuwa na lenzi za kuvuta vitu vya mbali kama zilizopo sasa. Iliwapasa kumkaribia ndege bila ya kumtisha. Basi walitwaa ngozi ya ng'ombe, wakaitandika juu ya kiunzi, na mpiga picha akaingia tumboni mwa ng'ombe huyo wa bandia akangoja humo saa nyingi. Watu waliwacheka, lakini ndege hawakuruka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama kweli kweli.

Katika Marekani mwanasheria mmoja, George Shiras, alifika mahali hapo kwa njia nyingine. Alikuwa mwindaji, na kutoka kwa wawindaji wa Kiojibwa alijifunza kumvizia kulungu usiku kwa mtumbwi wenye taa mbele. Mnyama huduwaa anapoiona taa, na hapo ndipo mwindaji hufyatua. Shiras aliweka kamera mahali pa bunduki na unga wa magnesiamu mahali pa baruti. Alivumbua pia uzi wa kutegwa, ambao mnyama akiugusa hujipiga picha mwenyewe. Jarida la National Geographic la Julai 1906 lilitoa picha zake 74. Ufundi wa kuua, bila ya kupotea hata chembe, uligeuzwa kuwa ufundi wa kuhifadhi. Na asili ya ufundi huo ilikuwa kwa wenyeji wa maziwa yale.

Katika Afrika ya Mashariki jina la kwanza la kutajwa ni la Mjerumani Carl Georg Schillings. Alianza kufika katika nchi hizi mwaka 1896, na katika safari zake za miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini alifanya kazi katika nyika zilizo karibu na Kilimanjaro na Mto Pangani. Kitabu chake cha mwaka 1905, Mit Blitzlicht und Büchse, kiliwastaajabisha watu wa Ulaya, kwa kuwa hawakuwa wamepata kumwona simba wa Afrika katika giza la usiku wake mwenyewe. Jina la kitabu hicho laweza kutafsiriwa kuwa Kwa Mwanga wa Kamera na kwa Bunduki, nalo ni kweli tupu. Schillings alipiga picha usiku na mchana, na pia aliua wanyama wengi kwa ajili ya majumba ya makumbusho.

Yafaa kuiangalia kazi yake kwa makini. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku mazito yaliyotumia mabamba ya kioo. Bamba likianguka huvunjika. Likipigwa na joto au unyevu huharibika. Unga wa magnesiamu ulikuwa hatari kwa mwenye kuuwasha. Mizigo hiyo yote ilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi kwa mwendo wa siku nyingi. Tena, ili simba aje mbele ya kamera, Schillings alifunga ng'ombe au punda kwa kamba, akategesha uzi, akangoja. Simba alikuja kwa sababu aliitiwa chakula. Picha ilimwonyesha katika ushujaa wake. Kamba iliyomfunga punda haikuwa jambo la kuzungumziwa sana. Hata hivyo mtu huyo huyo alipaza sauti kwamba wanyama wa Afrika walikuwa wakiteketezwa, na baadaye alipigana na desturi ya kuua ndege ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake wa Ulaya. Kuua na kulilia waliouawa vilikaa pamoja katika moyo mmoja, na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa kizazi chake.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Katika safari yao wawili hao waliua kwa bunduki zao wanyama 512, na msafara wao ulipeleka Marekani vielelezo vya viumbe zaidi ya 11,000. Cherry Kearton, yule wa ng'ombe wa bandia, alikuwako Kenya mwaka huo akachukua sinema ya msafara huo na ya nchi yenyewe. Lakini kabla sinema hiyo ya kweli haijaonyeshwa, William Selig wa Chicago alikwisha kutoa ya kwake. Selig hakuvuka bahari. Alimpata mtu wa kumwigiza Roosevelt, akaleta simba mzee ndani ya uwanja wake wa kutengenezea filamu, naye simba akapigwa risasi mbele ya kamera. Watu walijaa kwenda kutazama. Filamu ya Kearton ilipokuja mwaka 1910, wengi waliiona imepoa, kwa kuwa wanyama wake hawakufanya vitendo vya ajabu. Walifanya yale ambayo wanyama hufanya.

Hapa kazi hii ilipata mtihani wake wa kwanza mkubwa. Ukweli ulikuwa ghali, wenye taabu na usio na haraka. Uongo ulikuwa rahisi nao ulijaza ukumbi. Mpiga picha aliyetaka kula kwa kazi yake ilimpasa kuchagua, na si wote waliochagua vema.

Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe kutoka Kansas, walikuwa kati ya waliojaribu kuvipata vyote viwili. Kuanzia mwaka 1924 waliishi karibu miaka minne katika mlima wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kando ya ziwa walilolipa jina la Peponi. George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, alikuwa miongoni mwa waliowasaidia kwa fedha, na Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya New York yaliibariki kazi yao. Filamu yao ya mwaka 1928 iliitwa Simba, na kwa jina hilo neno la Kiswahili liliingia katika kumbi za sinema za Marekani. Waliwangoja tembo kwa subira kubwa, na baadhi ya picha zao ni hazina. Lakini watazamaji walidai hatari, nao waliitoa. Martin alizungusha mkono wa kamera, Osa alisimama kando na bunduki, na mnyama alisogelewa mpaka akakasirika. Mnyama akishambulia, kamera ilipata ilichokitaka. Akikaribia mno, bunduki ilimaliza mambo.

Katika vitabu vya Johnson lipo jina moja linalostahili kukumbukwa, nalo ni Boculy. Huyu ndiye aliyewaongoza mpaka ziwani. Alisoma nyayo za tembo kama mwanachuoni asomavyo kitabu, akajua kundi limepita lini na linaelekea wapi. Bila ya elimu yake, fedha ya Eastman ingalizunguka jangwani na kurudi mikono mitupu. Boculy walau aliandikwa. Wapagazi, wapishi, walinzi wa usiku na wafuatao nyayo waliowatumikia wapiga picha wengine walibaki nje ya picha, na aghalabu nje ya maandishi pia.

Wakati huo huo magari yalianza kufika Serengeti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wageni waliwapiga simba risasi wakiwa ndani ya magari, na Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alikuwa mwongozaji wa wawindaji, aliandika katika gazeti la The Times la London kuushutumu mchezo huo na kuisifu kamera. Hoja yake ilisaidia kuleta ulinzi. Lakini kamera nayo ilikuja na mazoea yake. Katika miaka iliyofuata wageni walimuua pundamilia, wakaufunga mzoga nyuma ya gari, wakauburuta ili simba wafuate na kupigwa picha kwa karibu. Simba wakaizoea sauti ya gari kama kuku anavyoizoea sauti ya mwenye kumwaga mtama. Kamba ya Schillings ilikuwa bado haijakatika. Ilikuwa imefungwa tu nyuma ya gari.

Hakuna picha za wanyama zilizokuwa na uzito mkubwa katika mambo ya nchi kuliko zile za Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Fedha waliyoipata kwa filamu yao ya mwaka 1956 waliitoa ili isaidie Serengeti, wakashauriwa kuitumia kwa kuwahesabu wanyama na kuzifuata njia zao. Walirusha ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia kutoka Ujerumani, na mwanzoni mwa mwaka 1958 wakaanza hesabu yao. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao, ambayo jina lake lina maana ya kwamba Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na fedha na huruma za watu wa Ulaya zikaelekea Tanganyika.

Hapana haki ya kuidharau kazi iliyolipiwa kwa thamani hiyo. Grzimek aliona sawasawa kwamba nyumbu hawajui mipaka ya ramani, na kwamba njia zao zilitoka nje ya mipaka mipya iliyokuwa ikiwekwa. Lakini aliamini pia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na watu ndani yake, hata wenyeji. Filamu haikuwaficha Wamaasai, iliwaonyesha. Ila iliwaonyesha kama watu ambao ng'ombe wao ni tishio kwa nyika, si kama watu ambao nyika hiyo ilidumu pamoja nao. Mwaka 1958, kabla filamu haijatoka, wazee wa Kimaasai walikuwa wamekwisha kutia sahihi mapatano ya kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la wanyama na wafugaji pamoja. Filamu haikuyafanya mapatano hayo. Ilichofanya ni kuwapa mamilioni ya watu wa mbali picha ya nchi ambayo ndani yake kuhama kwa wenyeji kulionekana kuwa jambo la kawaida. Mvutano huo haujaisha: mwaka 2022 familia zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera katika Wilaya ya Handeni, watu walibishana tena juu ya hiari na haki.

Lipo jambo jingine ambalo kamera ya angani haikuweza kuliona. Hesabu ya Grzimek ilipata nyumbu karibu laki moja; hesabu ya mwaka 1961 ilipata zaidi ya laki mbili; na kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja na robo. Ni nini kilichowazidisha hivyo? Sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Na sotoka ilitoweka kwa nyumbu kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa. Ng'ombe yule yule aliyeonyeshwa kama adui ndiye ambaye afya yake ilikuja kuwa afya ya nyumbu. Picha nzuri kupita zote za kundi la nyumbu wakivuka Mto Mara haiwezi kulieleza jambo hili peke yake. Tendo la bwana mifugo mwenye sindano, katika boma lenye matope, halikutafutiwa lenzi.

Mwaka 1962 kijana Mholanzi, Hugo van Lawick, alitumwa na National Geographic kwenda Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kupiga picha za sokwe ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza. Kazi yake ilithibitisha kwa macho jambo ambalo wataalamu walikuwa wamelisikia kwa masikio tu: kwamba sokwe hutengeneza vyombo, akichagua kijiti na kukitumia kuvulia mchwa. Hapa picha ilikuwa ushahidi wa elimu. Lakini hata hapa palikuwa na chambo. Ndizi ziliwekwa kambini ili sokwe wakaribie, nazo ziliurahisisha uchunguzi na picha. Baadaye ilionekana kuwa ndizi hizo zilikusanya sokwe wengi mno mahali pamoja na kuchochea ugomvi, ikabidi ulishaji upunguzwe na hatimaye uachwe. Van Lawick mwenyewe alijifunza njia iliyo bora. Alikaa miaka mingi katika kambi yake ya Ndutu, akawafuata fisi, mbweha na mbwa mwitu siku baada ya siku bila ya kuwaita, mpaka wakamwacha apite kama apitavyo upepo. Alikufa Dar es Salaam mwaka 2002, na kazi aliyoiacha ni somo la kuishi mahali pamoja muda mrefu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kutoka Schillings mpaka van Lawick, basi, mambo matatu hujirudia. La kwanza ni chambo: punda wa kamba, mzoga wa pundamilia, ndizi za kambini. La pili ni mlipaji: tajiri, ukumbi wa sinema, jarida, ambaye matakwa yake huingia katika picha hata asipokuwapo. La tatu ni mtu aliyeachwa nje: mfuata nyayo, mpagazi, mfugaji. Mambo haya hayakuzikwa pamoja na mabamba ya kioo. Mashindano makubwa ya Uingereza ya picha za wanyama, yaliyoanza katikati ya miaka ya 1960, yalimpa mtu tuzo mwaka 2009 kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango usiku. Mwaka 2010 tuzo ilifutwa, kwa kuwa waamuzi waliamini kwamba mnyama huyo alikuwa amefundishwa. Miaka mia moja ilikuwa imepita tangu simba wa Selig, na kishawishi kilikuwa kile kile.

Lakini yapo pia mageuzi ya heri. Mwaka 2017 mashindano hayo hayo yalimpa ushindi Brent Stirton wa Afrika ya Kusini kwa picha ya kifaru aliyeuawa na kukatwa pembe. Haikuwa picha ya uzuri, wala haikumwacha mtazamaji astarehe. Tena, tangu mwaka 2010, kamera 225 zilitegwa katika Serengeti zijipige zenyewe mnyama apitapo: ni uvumbuzi wa Shiras uliorudi ukiwa hauna unga, hauna chambo na hauna kishindo. Na mwaka 2021 picha za mashindano yenye jina la marehemu Rais Benjamin Mkapa zilionyeshwa katika makumbusho ya Nairobi, nayo yalitenga nafasi kwa vijana wa Afrika. Kamera iliyokuja kichwani mwa mpagazi imeanza kushikwa na mjukuu wake.

Mjukuu huyo asidhani kuwa kuzaliwa karibu na mbuga kwatosha kumfanya mkweli. Gari lake laweza kumzingira duma kama gari la mgeni, na mlipaji wake aweza kuwa mbali vile vile. Faida aliyo nayo ni nyingine. Anaijua lugha ya mfuata nyayo na ya mfugaji. Aweza kuwauliza, akajibiwa, akaelewa. Picha haiwezi kusema ni nani aliyeonyesha njia, wala mnyama aliitwa au alikuja mwenyewe, wala ni nani anayelala njaa au kushiba kwa sababu ya mnyama huyo. Maneno machache chini ya picha yaweza. Katika historia hii yote nafasi hiyo ndogo chini ya picha ndiyo iliyotumiwa vibaya kuliko zote: iliachwa tupu, au ilijazwa jina la mpigaji peke yake. Mwenye kuanza kazi hii leo aweza kuanza hapo, kwa kuandika, baada ya jina la mnyama na tarehe, jina la Boculy wake.